Jiko la Nyumbani ni Amana: Hukumu za Kuuza Chakula Kinachopikwa Majumbani

Darsa iliyotolewa Mtwara kwa akina baba na akina mama

Sifa zote njema zinamstahiki Allah (s.w.t.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake, Masahaba wake na wote wanaofuata mwendo wao kwa wema mpaka Siku ya Malipo. Amma baad.



Maudhui yetu ya leo huenda yakaonekana madogo mbele ya baadhi ya watu. Tunakusudia kuzungumzia vitumbua, maandazi, bagia, mihogo, samaki wa kukaanga na korosho za kubangua. Lakini tukitazama kwa makini, kuanzia Mikindani hadi Mtwara mjini, na kutoka Msimbati hadi Kilambo penye kivuko cha mto Ruvuma, ni nyumba chache ambazo hazijapata kuuza kitu kilichotoka jikoni mwake. Fedha za korosho huja kwa msimu na kuondoka kwa msimu. Katika miezi iliyobaki, sare za watoto, madaftari na dawa hutokana na chano kilichofunikwa kitambaa mlangoni. Biashara inayolisha watu wengi namna hii haiwezi kukosa hukumu katika dini iliyokamilika.

Kwanza na ieleweke kwamba kazi hii ni ya heshima. Katika Sahihi ya Bukhari imepokewa kutoka kwa Miqdam (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alieleza kuwa hakuna chakula bora kuliko kile anachokipata mtu kwa kazi ya mkono wake, na kwamba Nabii Daud (a.s.) alikuwa akila kwa kazi ya mkono wake. Zaynab, mke wa Abdullah bin Mas'ud (r.a.), alimuuliza Mtume (s.a.w.) kuhusu mali yake anayoitumia kwa mumewe na mayatima anaowalea, naye akabashiriwa ujira mara mbili: wa sadaka na wa kuunga udugu. Basi mama anayeuza maandazi asidharauliwe, na mwanamume asimwonee haya mkewe anayeuza.

Baada ya hayo, tutatoa mfano ambao aibu yake ni yetu wenyewe. Mwaka mmoja, wanafunzi wetu wa madrasa walipomaliza mitihani, tulimwendea mama mmoja jirani ili awapikie wali na kunde. Alitutajia bei yake. Tukaipunguza, kisha tukaipunguza tena, tukidhani kwamba tunailinda mali ya madrasa. Mama yule akakubali kwa kuwa alikuwa na haja. Siku ya pili watoto walikula adhuhuri, na kabla ya alasiri nusu yao walikuwa wakitapika. Alhamdulillah, wote walipona. Tulipomwendea kwa hasira, alitueleza huku analia kwamba bei tuliyompa haikutosha kununua mkaa wa asubuhi. Kwa hiyo aliupika wali ule usiku pamoja na chakula chake, akaufunika, na asubuhi akaupasha moto. Hakukusudia ubaya. Hakujua kwamba wali una vijidudu ambavyo mbegu zake huhimili moto, na wali ukilala katika joto vijidudu hivyo hutoa sumu ambayo kupasha moto hakuiondoi. Tulirudi kimya. Yeye hakutuambia kwamba wali umelala, nasi hatukumwachia bei ya kupika wali mpya.

Tangu siku hiyo tumekuwa tukilitafakari jambo moja. Mlaji haoni jikoni. Anakula kwa kuamini tu. Wazee wetu wa elimu walilifahamu hilo, wakaweka kazi ya muhtasib, yaani msimamizi wa masoko. Ash-Shayzari, aliyeandika kitabu cha hisba huko Shamu katika karne ya 12, alitaka mkandaji wa unga asikande kwa miguu, azibe mdomo wake asije akatemea mate, na ajifunge kitambaa kwenye paji la uso ili jasho lisidondokee unga. Akataka pia mtu wa kupunga nzi asimame karibu, na wakaanga samaki waoshe vikapu vyao kila siku. Hayo yaliandikwa zaidi ya miaka 800 iliyopita. Lakini muhtasib huingia sokoni, haingii uani mwa mtu. Jiko la nyumbani halina msimamizi ila Allah (s.w.t.) na moyo wa mpishi. Kwa sababu hiyo hukumu zake zinahitaji uchamungu zaidi.

Kanuni ya kwanza: usifiche aibu ya chakula

Imepokewa na Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alipita penye lundo la chakula sokoni, akatia mkono ndani yake na vidole vyake vikakuta umajimaji. Mwenye lundo akasema kwamba kilinyeshewa na mvua. Mtume (s.a.w.) akamuuliza kwa nini hakukiweka juu watu wakakiona, kisha akabainisha kwamba mwenye kughushi hayumo pamoja naye. Angalieni, ndugu zetu: mvua haikuwa kosa la yule mtu. Kosa lake lilikuwa kuficha.

Basi vitumbua vya jana vifanywe nini? Hili ndilo swali la mama mwenye mtaji mdogo, na si haki kulijibu kwa wepesi. Tunasema hivi. Kikiwa bado kizima, akiuze kwa kusema wazi kwamba ni cha jana, na apunguze bei. Akiona kesho hakitafika, akitoe sadaka leo. Kikiwa kimeharibika, si halali kukiuza, wala kukitoa sadaka, wala kukichanganya na kipya. Hasara hiyo ni mtihani wake, na anayeacha kitu kwa ajili ya Allah hapotezi. Mnunuzi aliyefichwa aibu ana haki ya kurudisha na kupewa fedha zake.

Kanuni ya pili: usafi na kuondoa madhara

Mtume (s.a.w.) aliamrisha vyombo vifunikwe usiku, na akamkataza aliyeamka usingizini kutia mkono chomboni kabla ya kuuosha. Wataalamu wa afya wa leo wanatuongezea ufafanuzi. Shirika la Afya Duniani linashauri chakula kilichopikwa kisikae nje bila moto wala baridi zaidi ya saa mbili, kibichi kisichanganywe na kilichopikwa, na maji yawe salama. Jodari na vibua wakiachwa juani kabla ya kukaangwa huingia sumu ambayo mafuta ya moto hayaiui. Karanga na mahindi yenye ukungu yana sumu isiyotoka kwa kupikwa. Mwaka 2016 watu wapatao 20 walifariki Dodoma na Manyara kwa mahindi ya namna hiyo. Basi mwenye kusaga karanga za kashata achambue, na zenye ukungu azitupe. Mwenye kuharisha asipike cha kuuza mpaka apone.

Tunaongeza nasaha kuhusu vifungashio. Tangu tarehe 1 Juni 2019 mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa imepigwa marufuku nchini, na wengi wamerudi kwenye karatasi. Tunawaomba kwa ajili ya Allah, msifungie maandazi kwa kurasa zenye aya au jina lake tukufu, zikiwemo kurasa za jarida hili.

Kanuni ya tatu: tahadhari na kinywaji kinachochachuka

Huku kwetu kusini mabibo ni mengi msimu wa korosho, na maji yake ni matamu na halali yakiwa mabichi. Lakini joto letu huyachachusha upesi, yakawa uraka unaolevya. Ibn Abbas (r.a.) ameeleza kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akilowekewa zabibu, akanywa maji yake mpaka jioni ya siku ya tatu, kisha yaliyobaki hayakunywewa tena kwa hofu ya kulevya. Katika nchi ya joto siku tatu ni nyingi mno. Kipimo si idadi ya siku, bali ni kulevya kwenyewe: ambacho kingi chake hulevya, hata kichache chake ni haramu, na kukiuza ni haramu. Mama anayeuza maji ya mabibo au togwa aandae kidogo, auze siku ileile, na kilichoanza kutoa povu na kuuma ulimi akimwage.

Kanuni ya nne: kipimo, oda na deni

Kopo la korosho lililobonyezwa kitako ni katika kupunja, na Allah ameteremsha sura nzima inayoanza kwa kuwaonya wapunjaji. Ama oda ya harusi, Mtume (s.a.w.) alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia matunda kabla ya wakati wake, akawaelekeza wabainishe kipimo, uzito na muda. Basi oda iandikwe: idadi, ukubwa, bei na siku. Anayekopesha maandazi asiongeze bei kwa sababu mdaiwa amechelewa, kwani hiyo ni riba.

Kanuni ya tano: kufuata utaratibu wa nchi

Baadhi ya watu hudhani kwamba afisa afya ni adui wa wanyonge. Lakini kuzuia madhara ni msingi wa sharia, na kanuni iliyowekwa kwa maslaha ya watu hutiiwa. Tangu Julai 2019 usimamizi wa usalama wa chakula upo kwa Shirika la Viwango Tanzania (TBS), badala ya TFDA ya zamani. Mwenye kufungasha korosho, ubuyu au unga wa lishe kwa ajili ya maduka aanzie SIDO, ambao huwafundisha wajasiriamali wadogo na kuwaongoza hadi TBS. Lebo yake itaje kilichomo, uzito, siku ya kutengenezwa na siku ya mwisho ya kutumika. Hayo ni maelezo ya aibu na sifa za bidhaa yaliyowekwa juu ya lundo ili watu wayaone, kama Mtume (s.a.w.) alivyomtaka yule mwenye chakula afanye.

Neno kwa wanunuzi na waume

Haitakuwa uadilifu tukiwausia wauzaji peke yao. Enyi wanunuzi, kujadiliana bei ni halali, lakini kumbana mwenye dhiki mpaka asiweze kupika vizuri ni dhulma, na matokeo yake huliwa na watoto wenu. Enyi waume, anachochuma mke jikoni ni mali yake. Masurufu ya nyumba yamebaki juu ya mume, na akichangia mke ni hisani yake. Wala tusiwatoe watoto darasani kwenda kutembeza chano.

Ama yule mama jirani, tulirudi kwake, tukamwomba radhi, naye akatuomba radhi. Siku hizi tukitaka chakula cha wanafunzi, humuuliza kwanza gharama yake ya mkaa, mchele na nazi, kisha tunaongeza faida yake. Yeye hutuambia saa aliyoepua sufuria, bila kuulizwa. Chakula kinatugharimu zaidi kidogo, na mpaka leo hakuna mtoto aliyeugua.

Tunamuomba Allah (s.w.t.) azibariki riziki za majumbani mwetu, azitakase na haramu, na atujaalie kuwa wakweli wakati wa kuuza na wakati wa kununua. Wabillahi tawfiiq.