Wafungwa Wanawake: Uchache Wao Uliwaponza

(Yafuatayo ni maelezo yaliyotolewa na mwandishi wetu mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Nimeombwa nizungumze juu ya vyama vya hiari vinavyowasaidia wanawake walioshitakiwa au kufungwa. Nitachukua nchi moja tu, Kanada, kwa kuwa habari za huko zimeandikwa na zinaweza kupimwa.

Mwaka 1934 Serikali ya Kanada ilifungua Gereza la Wanawake mjini Kingston, jimbo la Ontario. Kwa miaka mingi mwanamke aliyehukumiwa kifungo cha miaka 2 au zaidi kwa kawaida alipelekwa huko, hata kama kwao ni Vancouver, zaidi ya kilometa 3,000. Anayeijua safari ya Mwanza hadi Dar es Salaam na aizidishe mara tatu. Ni watoto wangapi wangeweza kufunga safari hiyo kwenda kumwona mama yao? Hoja ilikuwa kwamba wanawake ni wachache mno, haifai kuwajengea magereza kila upande wa nchi. Uchache uliopaswa kuwa sifa yao ukageuzwa adhabu ya pili.

La ajabu ni hili. Mwaka 1938, gereza likiwa na umri wa miaka 4 tu, tume ya uchunguzi ilipendekeza lifungwe. Lilifungwa mwaka 2000. Katika miaka hiyo 62 zilipita tume na kamati nyingine, nyingi zikisema yale yale. Sisi wa maofisini tunajua jinsi jalada linavyoweza kulala kabatini, lakini hili lililala usingizi wa pono!

Miongoni mwa waliosaidia kuliamsha ni vyama vya Elizabeth Fry. Huyu alikuwa mama wa Kiingereza aliyeingia gereza la Newgate, London, mwaka 1813, akakuta wanawake na watoto wao wamerundikwa pamoja. Ndugu Walimu watafurahi kusikia kwamba moja ya kazi zake za mwanzo humo ilikuwa kuanzisha shule ya watoto, na mwalimu wake alikuwa mfungwa aliyechaguliwa na wafungwa wenziwe. Huko Kanada chama cha kwanza chenye jina lake kilianzishwa Vancouver mwaka 1939. Vyama hivyo vilianza kuungana mwaka 1969, na muungano ukaandikishwa mwaka 1978 kuwa shirika lisilotafuta faida. Kazi yao haina fahari: kumsindikiza mshitakiwa mahakamani, kumtafutia malazi atokapo kifungoni, na hasa kuingia gerezani kuwasikiliza wafungwa, kisha kumwandikia mkuu wa gereza barua juu ya yale yaliyoonekana.

Thamani ya kazi hiyo ilidhihirika Aprili 1994. Baada ya ugomvi kati ya wafungwa na walinzi wa Kingston, kikosi cha askari wanaume kiliingizwa usiku katika vyumba vya wanawake 8, wakavuliwa nguo na kutiwa pingu. Uchunguzi wa ndani wa idara ya magereza ukalipitia jambo hilo kijuujuu. Muungano haukunyamaza. Februari 1995 picha zilizopigwa na kikosi chenyewe zilionyeshwa katika televisheni, nchi ikashtuka, na Jaji Louise Arbour akateuliwa kuchunguza. Ripoti yake ya mwaka 1996 ilieleza bayana kwamba idara haikuiheshimu sheria, na mkuu wa idara akajiuzulu.

Wapo watakaouliza: kwa nini tuwahurumie wahalifu? Ndugu zangu, hukumu ya mahakama ilikuwa kifungo. Haikutaja kuvuliwa nguo mbele ya wanaume.

Nisije nikawapa picha ya ushindi mtupu. Magereza mapya ya wanawake yamejengwa sehemu mbalimbali za nchi ile. Lakini mwaka 2022 ofisi inayoshughulikia malalamiko ya wafungwa ilitangaza kuwa nusu ya wanawake waliomo katika magereza ya Serikali Kuu ni wa jamii za wenyeji wa asili, ambao hawafiki asilimia 5 ya wanawake wote wa Kanada. Watu wa vyama vile bado wanaingia humo, na bado wanaandika barua.