KIUNGO CHA MAFUTA KISIVUJE
(Maneno ya Katibu mbele ya wanachama)

Ndugu wanachama,

Leo nasema juu ya mashine yetu ya kusaga. Tangi limetulia, injini inatikisika. Bomba gumu peke yake lingekatika, ndiyo maana mbele yake umewekwa mpira. Hatari ipo pale vinapoungana.

Kwanza, tyubu ya baiskeli marufuku. Dizeli huilainisha, ikavimba, ikapasuka. Tununue mpira wa mafuta hasa.

Pili, ncha ya bomba iwe na tuta dogo kuizunguka. Sukuma mpira ulipite tuta, uingie upana wa vidole viwili. Kisha kaza klipu ya skrubu nyuma ya tuta, siyo juu yake. Waya usitumike, hukata mpira.

Tatu, bomba lishikizwe imara, na mpira usiguse bomba la moshi.

Mwendesha mashine akiona kiungo kimelowa, azime kwanza, aulize baadaye. Dizeli ikimwagikia bomba la moshi lenye moto, yaweza kuwaka. Hewa ikiingia, injini huzima, na akina mama watabeba madebe ya mahindi hadi kijiji cha pili.

Haya ndugu zangu, mali ni yetu, tuilinde.