Admirali Asiyeamuru Vita

Mkuu wa Operesheni za Jeshi la Majini la Marekani ana nyota nne begani, lakini hatoi amri ya manowari kuingia vitani. Chini ya sheria ya Goldwater-Nichols ya 1986, amri hiyo hutoka kwa rais na waziri wa ulinzi hadi kwa makamanda wa kanda. Yeye huandaa mabaharia, meli na bajeti, tena hushauri. Kazi nzito: meli anayoiombea fedha leo huenda ikaelea yeye akiwa amestaafu.

Kwa hiyo Februari 2025, Lisa Franchetti, mwanamke wa kwanza katika wadhifa huo, alipoondolewa katikati ya muhula bila sababu mahususi kutangazwa, nilihuzunika. Mshauri wa aina hiyo anahitaji muda, na anahitaji kusema kweli bila hofu. Kaimu alishika nafasi hadi Agosti, alipoapishwa Daryl Caudle.