JANGWA NALO NI MWALIMU

(Yafuatayo ni mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa umma.)



Wahenga walisema, tembea uone. Nami nilitembea, nikaliona jangwa la Namib, katika nchi ya Namibia, ambayo wapigania uhuru wake waliwahi kupata hifadhi hapa kwetu kabla haijajitawala tarehe 21 Machi 1990. Nilidhani nitakuta mahali palipokufa. Nimerudi na mafunzo matatu, na naomba niyaseme mbele yenu kwa kuwa yanaihusu kazi yetu sote.

Karibu na pwani ya jangwa hilo, mahali pengi mvua ya mwaka mzima haifiki milimita 25. Dar es Salaam hupata zaidi ya milimita 1,000. Lakini bahari ya huko ina mkondo wa maji baridi uitwao Benguela. Hewa ipitapo juu yake hupoa na kuwa ukungu, na upepo huusukuma ukungu huo hadi nchi kavu. Hiyo ndiyo riziki ya viumbe wengi wa jangwani.

Yuko mdudu mmoja mweusi, wa jamii ya mbawakawa. Ukungu ujapo hutoka mchangani alikojifukia, akapanda hadi kileleni mwa tuta la mchanga, akauelekea upepo, akainamisha kichwa na kuinua mgongo. Ukungu hugeuka matone mwilini mwake, na matone hayo hutiririka hadi kinywani. Watafiti walioandika habari zake mwaka 1976 walikuta kuwa kwa njia hiyo uzito wake huongezeka kwa wastani wa asilimia 12.

Hilo ndilo funzo la kwanza. Mdudu huyu hakai akingoja mvua. Haba inayopatikana hupita, na inapopita humkuta kazini. Je, ni mara ngapi sisi husimamisha kazi kwa kisingizio kwamba fungu halijafika, hali mwananchi aliyesimama mlangoni alihitaji saini tu, na jibu la kiungwana?

Funzo la pili nililipata Kolmanskop, karibu na mji wa Lüderitz. Mwaka 1908, Mwafrika mmoja mfanyakazi wa reli, Zacharias Lewala, aliokota jiwe mchangani akampelekea msimamizi wake Mjerumani, August Stauch. Jiwe lile lilikuwa almasi. Stauch akatajirika, Lewala hakupewa tuzo. Sisi hatuhitaji kufafanuliwa jambo hilo, maana mwaka ule bendera iliyopepea huko ndiyo iliyopepea Tanganyika.

Mji ukajengwa kwa haraka: hospitali, ukumbi wa dansi, hata kiwanda cha barafu katikati ya jangwa. Maji yalitoka mbali, chakula kilitoka mbali, na faida ilikwenda mbali. Almasi zilipopungua, na nyingine nyingi zaidi zilipogunduliwa kusini, watu wakaanza kuhama. Kufikia mwaka 1956 hakubaki mtu. Leo mchanga umeingia majumbani, umejaa vyumbani hadi magotini na penginepo hadi kifuani. Mdudu asiye na kitu angali hai, na mji uliokuwa na almasi umekufa. Mradi usiokuwa na mizizi kwa watu wa mahali pake, hata ukiwa na fedha nyingi namna gani, hudumu kwa muda wa fedha hizo tu.

Ndugu zangu, ningeishia hapo, mngepiga makofi, nami ningekuwa nimesema nusu ya kweli.

Nilipokuwa mwalimu kijana, shuleni kwetu palikuwa na mwenzetu mmoja. Vitabu vilikuwa haba, naye kila usiku alinakili somo la kesho kwa herufi kubwa juu ya karatasi za mifuko ya saruji, akazitundika ukutani ili darasa zima lisome. Alikuwa mbawakawa kwelikweli. Kisha mshahara ukaanza kuchelewa mwezi mmoja, ukawa miwili, ukawa mitatu. Barua zake hazikujibiwa. Akaaga, akaenda kuuza duka la nduguye. Sisi tuliobaki tulisema hana uzalendo.

Katika jangwa lile kuna bonde liitwalo Deadvlei. Zamani mto Tsauchab ulifika hapo, na migunga ikamea. Baadaye matuta ya mchanga yakaziba njia ya maji. Migunga ile, ambayo ni miti izoeayo ukame, ikafa. Inakadiriwa ni miaka 600 au zaidi, nayo ingali imesimama wima, myeusi, kwa kuwa hewa kavu haiiozeshi. Mtu akiitazama kwa mbali hudhani ina uhai.

Hilo ndilo funzo la tatu, nalo linawahusu walioshika kalamu za kuidhinisha. Hata mvumilivu ana kiasi chake. Mdudu huishi kwa ukungu, lakini ukungu wenyewe hauna budi kufika. Anayeziba njia ya maji, kwa uzembe au kwa kuweka jalada mezani miezi mitatu, asimlaumu mgunga kwa kukauka. Na shule yenye kibao, kengele na daftari la mahudhurio, lakini ambayo moyo wa walimu wake umekwisha, imesimama kama ile miti.

Nilimdhania vibaya mwenzangu yule. Nimechelewa kumwomba radhi, lakini sijachelewa kusema: tulio chini tutoke kuupokea ukungu, na walio juu wasiuzibe mto.