Mlo wa Bure wa Daktari



Daktari aliyehitimu leo hatakaa sana kazini kabla hajabishiwa hodi na mwakilishi wa kampuni ya dawa. Atakuja na kalamu, sampuli na mwaliko wa chakula cha mchana. Ni mtu mwungwana, naye yuko kazini. Lakini kazi yake ni kuuza, na anachokilenga ni mkono unaoandika dawa.

Mwaka 1996 kampuni ya Purdue Pharma ya Marekani iliingiza sokoni OxyContin, dawa kali ya maumivu ya jamii ya afyuni. Hadi kufikia 2001 ilikuwa imeandaa makongamano zaidi ya 40, yaliyohudhuriwa na madaktari, wafamasia na wauguzi zaidi ya 5,000. Mawakilishi wake walifundishwa kusema kwamba hatari ya uraibu haifiki asilimia moja. Madai ya namna hiyo yaliegemezwa mara nyingi kwenye barua ya sentensi tano iliyochapwa mwaka 1980 katika jarida la kitabibu. Barua yenyewe ilihusu wagonjwa waliolazwa hospitalini, si watu wanaomeza vidonge nyumbani miezi nenda miezi rudi. Kuisoma yote hakumalizi dakika moja!

Mauzo yalipanda kutoka dola milioni 48 mwaka 1996 hadi karibu dola bilioni 1.1 mwaka 2000. Mwaka 2007 kampuni mshirika wa Purdue Pharma ilikiri mahakamani kosa la kupotosha kuhusu hatari za dawa hiyo. Familia nyingi zilikuwa zimeshazika.

Walioandika vidonge hivyo wengi wao hawakuwa walaghai. Walikuwa wasomi waliomhurumia mgonjwa mwenye maumivu, na hapo ndipo panapotia hofu. Utafiti wa mwaka 2001 uliwauliza madaktari waliokuwa mafunzoni Marekani: asilimia 61 walisema ushawishi wa kampuni hauwagusi wao, ila asilimia 16 tu waliamini kwamba wenzao nao hauwagusi. Mwaka 2016 uchunguzi mwingine ulionyesha kwamba madaktari waliokula hata mlo mmoja wa kampuni, kwa wastani usiofika dola 20, waliandika dawa iliyotangazwa mara nyingi zaidi kuliko wasioula. Haukuthibitisha kwamba mlo ndio sababu, lakini daktari makini hawezi kuupuuza.

Kwa hiyo mwakilishi akileta kipeperushi, daktari na aombe utafiti wenyewe. Asome ni wagonjwa gani waliochunguzwa, na nani aliyegharamia. Marekani sheria ya 2010 inazilazimisha kampuni kutaja zinachowapa madaktari, na tangu 2014 orodha iko wazi kwenye intaneti: mgonjwa huandika jina la daktari wake, akaona alipewa nini, na nani.