Nani Amfanyie Utafiti Mchimbaji Mdogo?

Msikilizaji, baada ya taarifa ya habari, tutazame suala moja: leseni za utafutaji madini mkoani Geita.

Kwanza, linakuhusu nini wewe usiyemiliki hata sururu? Linakuhusu kwa sababu dhahabu ya mchimbaji mdogo hailali. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, yanasagwa kwenye karasha, mchanga unaoshwa, na fedha inafika haraka kwa mama lishe, kwa bodaboda na kwenye mahitaji ya shule. Tangu masoko ya madini yaanze mwaka 2019, Serikali nayo inakata mrabaha wake pale pale sokoni.

Sasa, mvutano uko wapi? Wachimbaji wadogo wanalalamika kwamba maeneo makubwa yameshikiliwa kwa leseni za utafutaji miaka nenda rudi, bila mtambo wa kuchoronga kuonekana. Wakiingia, wanaitwa wavamizi.

Kwa upande wa pili, kampuni nazo zina hoja. Utafiti ni ghali, na mashimo mengi yanayochorongwa hayatoi kitu. Bila utafiti huo, migodi mikubwa isingekuwepo.

Kwa maoni yangu, leseni isiyofanyiwa kazi irudi serikalini, wagawiwe wengine. Lakini eneo lisilo na taarifa za miamba linamwacha mchimbaji akibahatisha, kifusi juu ya kichwa na zebaki mikononi.

Swali basi ni hili: tukishampa mchimbaji mdogo ardhi, nani atalipia utafiti wake?