Kifundo cha mguu kinachoteguka tena na tena

Msikilizaji, mjini Muscat joto la kiangazi hupita nyuzi 40, na wapenda michezo hungoja jua lizame. Usiku wa Alhamisi, mkesha wa mapumziko ya wiki nchini Oman, taa huwashwa katika viwanja vya nyasi bandia. Miongoni mwa wachezaji wamo Waomani ambao wazee wao walirejea kutoka Zanzibar na pwani ya Afrika Mashariki, na pasi huombwa kwa Kiarabu na Kiswahili kwa pamoja.

Pembeni mwa viwanja kama hivyo hakosekani mtu aliyeketi, kifundo kimefungwa bendeji. Kisa chake ni kile kile. Aliruka kupiga mpira kwa kichwa, akatua vibaya, unyayo ukapinda kwa ndani. Baada ya wiki mbili uvimbe ulishuka, maumivu yakatulia, naye akarudi uwanjani. Mguu ukateguka tena. Sasa hahitaji hata kugongwa na mpinzani. Kijiwe cha njiani chatosha kumwangusha. Je, jeraha hili lilipona kweli, au maumivu tu ndiyo yaliyoondoka?

Kwa upande wa nje, kifundo cha mguu hushikiliwa na ligamenti tatu, yaani kamba ngumu zinazofunga mfupa na mfupa. Unyayo unapopinda kwa ndani, ile ya mbele ndiyo huumia kwanza. Nyuma ya mfupa wa nje unaojitokeza hupita kano mbili zinazounganisha misuli ya mguu na mifupa ya unyayo. Kazi yake ni kuuzuia unyayo usipinde. Ligamenti zikilegea, kano hizo hubeba mzigo usio wake, nazo huweza kuvimba au kuchanika. Ndipo jeraha moja linapozaa la pili.

Hata hivyo, kulegea si maelezo yote. Mwaka 1965, nchini Uingereza, daktari M. A. R. Freeman na wenzake walieleza kwamba ndani ya ligamenti mna neva zinazoujulisha mwili namna mguu ulivyokaa. Zikiathirika, taarifa huchelewa, na misuli huamka wakati mguu umekwisha kupinda. Dawa waliyoipendekeza ilikuwa nyepesi: mazoezi ya kusimama kwa usawa juu ya ubao unaoyumba.

Siku za mwanzo zina masharti yake. Mguu hupumzishwa, hufungwa bendeji na kuinuliwa juu ya usawa wa moyo. Barafu husaidia kutuliza maumivu. Kuuchua kwa nguvu au kuukanda kwa maji ya moto, kama ilivyo desturi katika nyumba nyingi, huweza kuzidisha uvimbe. Aidha, asiyeweza kupiga hatua nne, au anayeumia mfupa wenyewe unapobonyezwa, hana budi kupigwa picha ya eksirei, kwani huenda amevunjika.

Kosa kubwa hufanyika baada ya hapo: kupumzika kupita kiasi, kisha kurudi mchezoni kwa ghafla. Kano hujengeka kwa kubebeshwa mzigo unaoongezwa kidogo kidogo. Daktari Håkan Alfredson wa Sweden alilithibitisha hilo mwaka 1998, kwa wakimbiaji 15 wenye maumivu sugu ya kano ya kisigino. Walishusha visigino polepole ukingoni mwa ngazi, mara 180 kwa siku, kwa wiki 12, na wote walirejea kukimbia. Jeraha la kano za upande wa nje lina mazoezi yake, lakini kanuni haibadiliki.

Kwa mwenye kifundo kilicholegea, kazi huanza nyumbani. Husimama kwa mguu mmoja anapopiga mswaki, kwanza macho wazi, kisha yamefumbwa. Huuvuta unyayo kwa nje dhidi ya ukanda wa mpira. Huinua visigino, hutembea kwa kasi, hukimbia mbio zilizonyooka, na mwisho kabisa huruka na kugeuka ghafla. Mchanga wa ufukweni ni laini, lakini haulingani. Hufaa kwa mguu uliokwisha imarika.

Mwislamu hupata kipimo kingine katika sala. Kwenye kikao cha tahiyatu, mguu wa kushoto hulazwa chini ya mwili, na ligamenti ya mbele hunyooshwa. Anayelazimika kubadili kikao kwa sababu ya maumivu ajue kwamba bado hajawa tayari kwa usiku wa Alhamisi.

Endapo miezi kadhaa ya mazoezi ya dhati haikuleta nafuu, daktari wa mifupa huchunguza ligamenti, kano na gegedu. Ipo operesheni ya kukaza ligamenti, iliyoelezwa na Lennart Broström wa Sweden mwaka 1966, ambayo hadi leo ni msingi wa upasuaji huo. Lakini hata baada ya kisu, mazoezi ni yale yale.

Anayedhani jambo hili ni dogo na amkumbuke Marco van Basten wa Uholanzi. Tarehe 26 Mei 1993 aliichezea AC Milan fainali ya Ulaya mjini Munich, dhidi ya Marseille. Kifundo chake, kilichokwisha fanyiwa operesheni zaidi ya moja, hakikumruhusu kurudi tena katika mashindano. Mwaka 1995 alitangaza kustaafu akiwa na umri wa miaka 30.

Mchezaji wa Muscat hana kombe la Ulaya la kupoteza. Anacho cha kwake: marafiki wa kila Alhamisi, na lugha ya wazee wake inayosikika uwanjani. Miezi mitatu ya kusimama kwa mguu mmoja si bei kubwa ya kuvihifadhi. Wahenga walisema mwenda pole hajikwai, na kwa mwenye kifundo kibovu, hiyo si methali tu. Ni maagizo ya daktari.